Shapele Yenye Kifungo cha Shati

Mwaka umetimia leo, Josée wetu, tangu ulipotutoka. Ilikuwa tarehe tatu Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Martini wa Porres, mtawa wa ufagio, uliyempenda kuliko wakuu wote wa mbinguni. Ulikuwa na miaka sitini na minane. Kipindupindu kilikuchukua kwa siku mbili, ndani ya hema jeupe la wagonjwa, na hadi leo hatujui kama tukulilie au tukuombe msamaha. Tumeona heri tufanye yote mawili, tena mbele ya majirani wote wa Nyamianda, kwa sababu kosa lililofanyika asubuhi ile lilifanyika mbele yao na wao hawakuliona.

Wasiokujua nao wasome. Wewe na kaka yako mkubwa, Swedi Hatungimana, mlizaliwa kwa mama mmoja. Mama alipofariki, Swedi alichukuliwa na baba mdogo aliyekuwa akisalisha msikitini, akawekwa chuoni, akalelewa kwa Kiarabu na tenzi. Wewe ulichukuliwa na masista, ukalelewa kwa kengele na sufuria. Ulitaka kuvaa shela kama wao. Kifua chako kilikuwa kibovu, wakakuambia nyumba yao haipokei mgonjwa, na ulilia juma zima. Kisha ukaolewa na mwalimu Étienne, ukazaa Noella, na baada ya miaka mingi ukazaa Pitchou. Étienne akafa mapema. Lakini ile shela uliyonyimwa kichwani uliivaa moyoni, na hukuivua tena.

Nyumba yako na ya kaka yako ziligawanywa na ua wa matete tu. Yeye alipotoka kusali alfajiri alikukuta umekwisha kufagia, umesimama na kalenda ya parokia mkononi, unamngojea umtangazie mtakatifu wa siku.

"Yaya," ulimwambia, kama watu wa hapa tunavyomwita kaka mkubwa, "leo iko siku ya Zita. Alipikia watu bugali miaka makumi ine, na hakuna siku alisema amechoka."

"Na weye jana ulisema mara ngapi?"

"Minye si mutakatifu bado. Niache nifike."

Hivyo ndivyo mzee wa msikitini alivyowajua watakatifu wako wote, mmoja baada ya mwingine, akiwa ameshika buli la udhu. Wenye mapanga na wenye taji uliwaheshimu. Waliokupendeza ni wa chini. Bawabu aliyefungua mlango wa watawa maisha yake yote. Bakhita aliyeuzwa kama mbuzi. Bakanja wa nchi yetu hii, aliyekubali kupigwa kuliko kuvua kitambaa alichokivaa shingoni kwa ajili ya Mariamu. Uliwasimulia kana kwamba walikuwa wapangaji wako, na mmojawapo amechelewa tu kurudi kutoka sokoni.

Kila Jumamosi ulifagia kanisa. Ulianzia mlangoni, kamwe si altareni, kwa kuwa ulisema mlangoni ndipo maskini anaposimama. Vitambaa vya altare ulivifua peke yako, hukumkabidhi mtu, na maji yake uliyamwaga kwenye maua na si njiani, watu wasije wakayakanyaga. Padri alipotaka kukutaja siku ya shukrani, ulijificha nyuma ya nguzo hadi akapita kwenye jina jingine.

Na jioni, kabla jua halijazama nyuma ya milima, ulisali shapele, yaani rozari yako. Hatuna budi kuieleza shapele ile, maana habari yote ya leo ni yake.

Pitchou aliitunga akiwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa kwa shangazi yake, kijijini Katogota bondeni, akaokota mbegu ngumu za kijivu kando ya mifereji ya mashamba, akazitoboa moja moja, akazitunga kwenye uzi wa nyavu. Katika fungu la tatu mbegu moja ilipasuka. Hakuwa na nyingine; akang'oa kifungo cha shati lake la shule, akakitia mahali pake. Alipokuletea, ulimpiga kofi moja kwa ajili ya shati, kisha ukaibusu shapele, na zile za duka ukazigawa. Kila ulipofika kwenye kifungo kile sauti yako ilishuka. Hata kaka yako, upande wa pili wa ua, alijua umefika wapi.

Miaka minne iliyopita Pitchou, kijana wa miaka ishirini na miwili, alikwenda Katogota kumsaidia shangazi yake kuvuna mpunga. Bonde likajaa risasi, watu wakatawanyika. Waliorudi wengine walisema walimwona akikimbilia mtoni. Wengine walisema alishika njia ya milimani. Hatukupata simu yake, wala nguo, wala kaburi. Tangu jioni hiyo uliweka nadhiri ya shapele nzima kila siku, siku isikatike, mpaka mtoto arudi. Noella alikuuliza kwa nini usipumzike hata siku ya homa. Ukamjibu kwamba ile ni kamba, na mwisho mmoja ameshika Pitchou.

"Siku ikikatika," ulimwambia, "atashika nini?"

Ziwa lilipopanda na kuingia ndani, ulisali umesimama juu ya meza. Ulipong'olewa jino, ulisali mdomo umejaa pamba. Haikukatika.

Kisha mvua za mwaka jana zikaja, mabomba yakakauka, watu wakachota maji ya mto, na kipindupindu kikaingia mtaani kwetu. Ukaanza kufua nguo za wagonjwa wa jirani. Swedi alikukemea, akasema kuna watu wa kazi hiyo, wenye buti na dawa. Ukamuuliza na kabla hawajafika nani afue. Akanyamaza. Tangu hapo amejiuliza mara nyingi kama kunyamaza kule kulikuwa adabu au kulikuwa dhambi.

Kisha ukalazwa nawe. Tarehe mbili, alasiri, wahudumu walimruhusu Swedi asimame nje ya wavu wa hema. Ulikuwa umekauka kama kuni. Mboni zilikuwa zako, uso haukuwa wako. Shapele ilikuwa imechovywa kwenye maji ya klorini, ukampa.

"Yaya, hii usiache wanizike nayo. Iko ya Pitchou. Akirudia, umutilie mu mukono wake. Na siku isikatike."

"Nimekubali," alisema. Hakuongeza, na hukumtaka aongeze.

Asubuhi yake ukaondoka.

Sasa tufike penye kosa letu. Wanawake wa Shirika, wale wa jumuiya yako ya sala, walikuwa wamesimama nje wamevaa vitenge vyao vya sikukuu. Walikatazwa kukuosha, walikatazwa kukuvika, na walikatazwa hata kukuimbia karibu. Mama Agnès, kiongozi wao, akamwendea Swedi akamwambia kwa upole, "Muzee, muntu wetu hazikwake mikono bule. Shapele yake iko wapi?" Swedi akaanza kusema kwamba uliagiza ibaki. Mama Agnès akalia palepale, akiuliza Josée atasimamaje mbele ya Bikira mikono mitupu, mtu aliyemsalimia maisha yake yote.

Kaka yako akawatazama. Wamenyimwa mambo matatu tangu alfajiri. Hakuwa na moyo wa kuwanyima la nne. Akapata shauri, na wakati ule aliliona ni jema. Mfukoni mwa kanzu yake mlikuwa na shapele yako na tasbihi yake mwenyewe, ile ya punje tisini na tisa za mti mweusi aliyopewa na mwalimu wake. Atakutia mkononi tasbihi yake. Nani atahesabu punje ndani ya mfuko wa plastiki wa maiti? Agnès ataridhika, Pitchou atatunziwa chake, na wewe utakuwa umeshika kitu kilichotajiwa Mungu miaka hamsini. Hakuona mtu wa kudhulumiwa.

Lakini wahudumu walimvisha glovu nene za mpira, na klorini ilikuwa imemwingia machoni. Wakamhimiza afanye haraka, mfuko unafungwa. Akatia mkono, akatoa, akaikunja kiganjani mwako, akarudi nyuma. Wanawake wakashusha pumzi. Mfuko ukafungwa, gari likaondoka kwenda kwenye makaburi ya ugonjwa ule, na Swedi akarudi nyumbani akiamini ametimiza haki za watu watatu.

Baada ya magharibi, akiwa bado kwenye mkeka wa msikiti, alitia mkono mfukoni. Kidole gumba kikatafuta kifungo cha shati. Kikapata mti laini, punje baada ya punje, hadi mwisho wa uzi.

Tunasema hili hadharani kwa mara ya kwanza. Mama Agnès, usomapo hapa, utusamehe. Ulipewa ulichokiomba kwa mkono uliotaka kukudanganya. Na wewe Josée, uliyeomba jambo moja tu, ulizikwa na kile ulichokataza.

Swedi alikwenda kwa wasimamizi wa makaburi yale siku ya pili, na ya tatu, na ya nne. Wakamweleza kwa heshima kwamba kaburi la ugonjwa huu halifunguliwi kwa sababu yoyote. Siku ya nne aliketi chini kwenye udongo, mzee wa miaka sabini na minane, na kofia yake ikamwanguka, asiiokote. Ndipo akaja kumwambia Noella.

Binti yako hakulia. Alimuuliza kwanza kama alikuwa amekula. Kisha akasema kwamba tangu siku ya msiba anasali kwa vidole, na kwamba jana alikosea hesabu mara mbili.

Swedi akaitoa tasbihi. "Kamata hii."

"Na weye, Mujomba?"

"Minye nitarudia mu vidole. Ndivyo tulifundishwa kwanza."

Noella akafunga uzi mwekundu wa sufu kila baada ya punje kumi, hadi mafungu matano yakatimia. Zilizosalia akaziacha zining'inie. Katika fungu la tatu akashona kifungo, alichokikata kwenye shati la mumewe Luc bila kumwarifu, na Luc akaenda kazini kifua wazi akataniwa hadi jioni. Mama Agnès alipoiona mkononi mwa Noella, aliichunguza kwa muda, akauliza kwa mzaha, "Binti yangu, hii shapele yako inaelekea Maka ao Roma?"

"Inaelekea Katogota," Noella akamjibu.

Hakuulizwa tena.

Januari ikaja habari. Mfanyabiashara aliyetoka bondeni alisema Mutarule kuna kijana aitwaye Pitchou, amejeruhiwa mguu, hana ndugu, anatunzwa na wasamaria. Umri ni huo, urefu ni huo. Noella alikuwa na mtoto mgonjwa. Akaenda Swedi, kwa pikipiki, kupitia vizuizi ambavyo hatutavihesabu hapa. Njia nzima alikuwa akipanga atasema nini akidaiwa shapele. Alipofika alimkuta kijana amekaa kwenye mkeka, akageuka, na alikuwa na uso wa mama mwingine.

Kijana ndiye aliyemfariji. "Muzee," alisema, "minye si wenu. Lakini kama munaombea yule, munitie na minye."

Swedi alirudi na neno moja kwa Noella, kwamba si yeye. Lile la kijana alilisema baadaye, siku ya tatu, akiwa ameinama.

Hapo ndipo kamba ilipokaribia kukatika. Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani ziliingia karibu pamoja, nyumba zote mbili zikafunga, na upande huu na ule wa ua hapakuwa na harufu ya chungu mchana. Alasiri moja Noella aliitundika tasbihi kwenye msumari, akaketi kizingitini.

"Mujomba, nimechoka. Leo siombi. Kama Mungu hakusikia ya mama, ya minye atasikia nini?"

Swedi alitazama milima. Jua lilikuwa limebakiza upana wa viganja viwili. Maneno yenu ya shapele aliyajua yote, kwa kuyasikia kupitia matete miaka na miaka. Lakini alimwogopa Mungu, na hakutaka kumwambia kwa ulimi jambo ambalo moyo wake haukulelewa nalo. Wala hakutaka siku ikatike mbele ya macho yake, yeye aliyekwisha kuvunja nusu ya agizo.

Akaitwaa kutoka msumarini. Akakaa kwenye kigoda chako. Akaanza kusoma, kwa taratibu na kwa Kiarabu, ile habari ya Bibi Mariamu aliyoihifadhi chuoni akiwa mtoto: mwanamke aliye peke yake, uchungu umemshika penye shina la mtende, anatamani angekuwa amekufa na kusahauliwa kabla ya siku ile, na sauti kutoka chini yake inamwambia asihuzunike. Kwa kila aya alisogeza punje. Alipofika kwenye kifungo sauti yake ilishuka; hakuna aliyemwambia aishushe. Aya zilipokwisha punje hazijaisha, akarudi mwanzo. Alimaliza mwanga ukiwa bado kwenye vilele, na ndipo adhana ikaita, na tende yake ya kufuturu ilikuwa imelowa jasho la kiganja.

Noella alikuwa ameketi karibu naye, ameshika ule mwisho wa punje zinazoning'inia.

"Ile ilikuwa ya nani, Mujomba?"

"Ya Mariamu."

Akafikiri. "Basi haikukatika."

"Haikukatika," akasema Swedi.

Kesho yake Noella alisali mwenyewe, na amesali hadi jana. Baada ya jina la Pitchou wetu huongeza lile la Pitchou wa Mutarule. Siku ambazo hawezi, husikika Kiarabu upande huu wa ua, na jirani wamezoea.

Lakini usidhani tumepona, Josée. Tusikudanganye kwenye karatasi, tulipokwisha kudanganya kwenye mazishi. Pitchou hajarudi. Njia ya bonde hufunguka juma moja, hufungwa majuma mawili. Noella ameanza mvi. Kaka yako bado hutoka alfajiri, husimama penye matete na buli lake, hungoja aambiwe leo ni siku ya nani. Kisha hukumbuka, akaingia ndani. Kalenda yako imebaki ukutani kwenye ukurasa wa Novemba iliyopita. Hakuna anayethubutu kuigeuza, na hatuwajui tena watakatifu wanaopita juu ya paa letu.

Tena tuna hofu tusiyoisema mezani. Pitchou akirudi amebadilika, amepoteza kumbukumbu au sura, kitu alichokitunga kwa mikono yake, ambacho angekitambua hata gizani, kiko chini ya udongo na chokaa. Asiporudi, tumesogeza punje hizi kwa ajili ya nani? Tumewauliza mapadri, tumewauliza masheikh. Wote wametujibu vizuri, na wote wametuacha palepale.

Ndiyo maana leo hatukuombei tu. Tunakuagiza, kama wewe ulivyotuagiza. Ulituambia ile ni kamba. Sisi tulidhani tumekosea kukuachia mwisho wake. Huenda ndivyo, na kosa ni letu. Ila kwa kuwa unayo, Josée, usiishike bure. Waite wale wapangaji wako: Zita aache jiko, Martini aweke ufagio kando, na bawabu yule afungue mlango wowote alio nao. Tafuta kwa kidole kifungo kile cha shati katika fungu la tatu, ushike hapo, uvute upande wako. Huku nasi tunavuta kwa tulicho nacho, kwa uzi mwekundu, kwa kifungo cha Luc, na kwa tasbihi ya msikitini.

Anayekukumbuka ni kaka yako Swedi Hatungimana, aliyekubali na asitimize. Ni binti yako Noella na mkwe wako Luc. Ni wajukuu zako Divine na Irakoze, wanaouliza bibi ameshika nini. Ni wifi yako wa Katogota, ambaye kila msimu huacha mstari mmoja wa mpunga bila kuvunwa. Ni Mama Agnès na wanawake wa Shirika la Nyamianda, ambao sasa wanajua. Na ni mwanao Pitchou, popote alipo, ambaye pengine hajui kwamba hupo.

Hatutakusahau, na siku haitakatika. Lakini vidole vya kaka yako vimeanza kutetemeka, dada. Fanya haraka.